Mfuko Umekauka, Binti Anataka Pizza: Baba Aliyejifunza Kukanda Unga kwa Siku Mbili

Meseji iliingia Alhamisi saa mbili usiku. "Mtoto anauliza keshokutwa mnaenda kula pizza kama kawaida?"

Jamaa aliisoma mara tatu bila kujibu. Kwenye simu alikuwa na Sh 14,200.

Ni kijana wa miaka 29, anaishi Mabibo, Dar es Salaam, chumba na sebule. Binti yake ana miaka 7 na anaishi na mama yake Temeke. Wazazi hawa waliachana miaka miwili iliyopita, bila matusi na bila kurushiana maneno mitandaoni, ila na urafiki wa kihivyo haupo. Makubaliano yao ni kwamba Jumamosi moja mtoto yuko kwa baba, inayofuata anabaki kwa mama.

Na tangu Jumamosi ya kwanza kabisa ratiba ni ile ile. Baba anamfuata mtoto, wanapanda bajaji mpaka kwenye mgahawa mmoja wa pizza wenye sehemu ya watoto kuchezea. Mtoto anacheza, baba anashika simu. Pizza inakuja, wanapiga picha moja ya status, wanakula, wanarudi. Pizza ya kati, soda mbili, bajaji kwenda na kurudi, hapo Sh 45,000 imeshakatika.

Enzi za mshahara hela hiyo haikuwa inauma. Tatizo mshahara haupo tena. Mkataba wake kwenye ofisi moja ya matangazo ulifika mwisho na haukuongezwa, na kwa miezi mitatu sasa anaishi kwa vibarua vya kuhariri video za harusi. Hakumwambia mtu, na wa mwisho kabisa kutaka ajue ni mzazi mwenzake. Hela ya matumizi ya mtoto alikuwa anatuma nusu, kila mwezi na sababu yake: mara mshahara umechelewa, mara benki inasumbua. Mama wa mtoto alikuwa anajibu "sawa" tu. Waliowahi kujibiwa "sawa" ya aina ile wanaijua.

Usiku huo akaandika "wiki hii nimebanwa kidogo", akafuta. Akaandika "ndio tunaenda", akafuta. Mwisho akatuma: "Mwambie safari hii tunapika wenyewe kwangu."

Ilipokwenda tu, ndo akakumbuka kwamba maishani mwake hajawahi kukanda unga wa kitu chochote.

Mara ya kwanza: hamira inauawa

Akashuka dukani kwa Mangi, akarudi na nusu kilo ya unga wa ngano na pakiti ndogo ya hamira. Chumvi, sukari na mafuta vilikuwepo. Akaangalia video moja ya dakika moja. Kwenye video mtu anamwaga maji, anazungusha mkono, donge linakua lenyewe, mara pizza hiyo hapo inavutika jibini. Kitu gani kigumu?

Akawaza kichwani kwamba maji yakiwa ya moto zaidi, unga utaumuka haraka zaidi. Akachemsha maji kwenye jagi la umeme, yakizima tu akamwagia moja kwa moja kwenye unga na hamira yake. Akakoroga kwa mwiko maana mkono ulikataa. Akafunika, akasubiri saa moja. Saa mbili. Ilipofika saa tano usiku, donge lilikuwa vile vile alivyoliacha, zito, la kijivu, kama udongo wa mfinyanzi.

Asubuhi akalibeba kwenye bakuli mpaka kwa mama anayechoma maandazi getini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona macho mekundu, hujalala?"

Mama akalibonyeza lile donge kwa kidole, akalinusa. "Hamira uliweka?"

"Niliweka."

"Maji yalikuwaje?"

"Ya moto."

"Moto wa namna gani?"

"Yamechemka."

Mama akacheka mpaka maandazi kwenye karai yakataka kuungua. "Umeiua, baba! Hamira ni kitu hai. Wewe ungemwagiwa maji ya jagi ungeumuka?"

Na hapo ndipo wengi wanaoanza wanapokwama. Hamira ni viumbe hai vidogo sana visivyoonekana kwa macho, jamii moja na uyoga. Vile vijichembe vikavu vya kwenye pakiti vimelala. Vikipata maji ya uvuguvugu vinaamka, vinakula sukari iliyomo kwenye unga na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo ikinaswa ndani ya donge, unga unavimba. Maji ya baridi hayaiui hamira, yanaichelewesha tu. Lakini joto likifika kama nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi, inaanza kufa. Maji yanayochemka yana nyuzi 100. Pale haponi mtu.

"Sasa ntajuaje yamefikia? Sina hata kipimajoto."

"Ulishawahi kumwogesha mtoto mchanga?"

Alishawahi. Miezi minne ya mwanzo, wakiwa bado wanaishi pamoja, zamu ya jioni ilikuwa yake. Beseni la bluu, taulo begani, kiwiko kinaingia kwenye maji kabla ya mtoto.

"Basi maji ni hayo hayo," mama akasema, akageuza maandazi. "Halafu hiyo pizza yenyewe, ni ile ya Forodhani?"

Akamweleza kwamba hapana. Pizza ya Forodhani kule Unguja ni mambo mengine: unga wake hautiwi hamira, unavutwa mwembamba, unawekwa nyama ya kusaga na yai, unakunjwa na kukaangwa juu ya bati la moto. Hii ya binti yake ni ya Kitaliano, ya mkate chini na vitu juu.

"Kumbe mkate!" Mama akashangaa. "Sasa si ungesema mkate tangu mwanzo."

Mara ya pili: haraka haraka

Ijumaa jioni akaanza upya na nusu kilo nyingine. Safari hii akaweka kiwiko kwanza. Akatia sukari na hamira kwenye yale maji, akaacha dakika kumi, na kweli juu pakatokea povu kama la bia. Peke yake jikoni akapiga ngumi hewani.

Furaha haikudumu. Unga ulimganda vidoleni. Akaongeza ngano konzi moja, bado unanata. Akaongeza nyingine. Na nyingine. Alipofika kwenye donge lisilonata kabisa, likawa gumu kama unga wa chapati uliosahaulika nje. Uliumuka, ila kwa kinyongo. Alipousukuma kwa chupa ya soda, kila akiachia unajirudi katikati kama mpira. Akabishana nao robo saa, mwisho akaukaanga hivyo hivyo kwa hasira. Kilichotoka, ungeweza kumtupia mwizi.

Usiku hakulala tena, ila safari hii alikuwa anasoma. Akagundua amekosea viwili, na vyote ni vya haraka.

Kosa la kwanza ni kuogopa kunata. Unga wa pizza unapoanza kuchanganywa lazima unate, ndo unavyotakiwa. Protini za ngano zikikutana na maji zinashikana na kutengeneza nyuzi zinazovutika, zinaitwa gluteni. Ukikanda kwa dakika kumi hivi, nyuzi zile zinajipanga, na donge linaanza kuachia mkono lenyewe bila kuongezwa unga. Mkono ukinata sana, pakaza mafuta kidogo kiganjani.

Kosa la pili ni kulisukuma donge ambalo halijapumzika. Ukishalikata na kulifinyanga, nyuzi zinakuwa zimekaza. Liache dakika 15 limefunikwa, zinalegea, na linatanuka bila ubishi.

Akasoma pia kitu kilichomfanya akae vizuri kitandani. Pizza anayolipia Sh 30,000 kwenye kiyoyozi ilikuwa chakula cha mtaani cha watu wa kipato cha chini kule Napoli, Italia. Wapishi wa pale mpaka leo unga wao wa asili una vitu vinne tu: ngano, maji, chumvi na hamira. Hauna hata mafuta wala sukari. Mwaka 2017 ufundi wao uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mtu wa mwanzo wa ile pizza hakuwa tofauti sana na mama wa maandazi getini.

Vipimo alivyoandika kwenye simu yake

Hivi ndivyo vilivyobaki baada ya nusu kilo mbili kuharibika. Kwa anayeanza, vinatosha kabisa.

Unga wa ngano wa kawaida nusu kilo, sawa na vikombe 4. Maji ya uvuguvugu kikombe kimoja na robo, karibu mililita 300. Hamira vijiko 2 vya chai, maana yake pakiti ya gramu 11 usiimalize yote. Sukari kijiko kimoja cha chai. Chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai. Mafuta ya kula vijiko 2 vya chakula.

Anza na maji, sukari na hamira, subiri dakika kumi. Povu lisipotokea, usiendelee, hamira imekufa au imezeeka, utapoteza ngano bure. Changanya chumvi kwenye unga mkavu, sio kwenye maji ya hamira, kwa sababu chumvi nyingi ikiigusa moja kwa moja inaidhoofisha. Mimina maji kwenye unga, tia mafuta, kanda dakika kumi. Vuta kipande kidogo polepole: kikitanuka mpaka unaona mwanga bila kukatika, umemaliza. Kikichanika mapema, endelea kukanda.

Paka bakuli mafuta, weka donge, funika kwa kitambaa chenye unyevu. Kwa joto la Dar linaongezeka mara mbili ndani ya saa moja au pungufu, kwa hiyo angalia donge, usiangalie saa. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi polepole na lisizibe lote, liko tayari. Kata madonge manne, pumzisha dakika 15, tanua kwa vidole kuanzia katikati kwenda pembeni.

Kama huna oveni, kikaango kizito chenye mfuniko kinatosha. Moto wa wastani, upande mmoja dakika 3 au 4 mpaka upate madoa ya kahawia. Geuza, weka sosi na vitu vyako juu ya upande ulioiva, punguza moto, funika mpaka jibini iyeyuke. Sosi yenyewe ni nyanya na kitunguu saumu, zikaushwe mpaka ziwe nzito. Ikiwa ya maji, unga wako wote utalowa.

Jumamosi

Binti alifika saa nne, kavaa gauni lake la kutokea. Akaangalia jiko la gesi lenye plati mbili, akaangalia ukutani, akaangalia chini ya meza.

"Baba, oveni iko wapi?"

"Hatuna. Tuna kikaango."

Uso ukaporomoka. Hakusema kitu, akakaa kwenye stuli na mikono kafunga.

Baba akaweka bakuli la maji mbele yake. "Weka kiwiko. Niambie kama mtoto mchanga anaweza kuoga hapo."

Akaweka. "Ya moto kidogo."

"Basi tunasubiri." Wakasubiri. Akaweka tena. "Sasa anaweza."

Povu lilipotokea alipiga kelele mpaka jirani akauliza kulikoni. Mikono ikafunguka. Kwenye kukanda wakawekeana zamu, yeye anahesabu mpaka hamsini, baba anahesabu mpaka hamsini. Ngano ikaingia kwenye nywele, kwenye gauni la kutokea, kwenye rimoti.

Halafu ikaja ile saa moja ya kusubiri.

Hiyo ndiyo iliyokuwa inamtisha baba kuliko hamira. Mgahawani kuna mteremko wa kuchezea, kuna muziki, kuna mhudumu wa kuita. Pale Mabibo kulikuwa na stuli mbili, bakuli lililofunikwa kitambaa, na wao. Kwa mara ya kwanza akajiuliza ni lini aliwahi kukaa saa nzima anaongea na mwanaye bila pizza katikati.

Mtoto akawa wa kwanza. "Baba, huna hela?"

Jibu la uongo lilikuwa tayari mdomoni, alishalizoea. Akaangalia zile nywele zenye ngano.

"Sina nyingi. Kazi iliisha. Natafuta nyingine."

"Mama anajua?"

"Bado."

Mtoto akachungulia chini ya kitambaa, akafunika. "Mama anasema una mke mwingine, ndo maana hela haifiki. Nilimsikia anamwambia mama mdogo."

Baba akanyamaza kidogo. "Sina mke mwingine. Sina kazi."

Mtoto akalitafakari hilo kama mtu mzima. "Bora," akasema. Kisha akaanza kusimulia habari za shule: mwalimu mpya, rafiki aliyehamia Morogoro, msichana mmoja anayemnyang'anya kalamu kila siku na hajamwambia mtu. Yule msichana wa kalamu alikuwa anamsumbua tangu muhula uliopita. Muhula mzima, na Jumamosi zote zile za mteremko na soda, baba hakuwahi kulisikia.

Waliposhtuka, kitambaa kilikuwa kimeinuliwa juu.

"Baba! Umeumuka!"

Pizza ya kwanza iliungua chini. Ya pili ilikuwa na umbo la ramani ya nchi isiyojulikana, ila ilikuwa laini, imevimba pembeni, soseji moja iliyokatwa vipande na hoho nusu juu yake. Jibini ilikuwa kidogo maana hela iliishia hapo. Walikula wamesimama. Ya tatu waliigawana na mama wa getini, akasema ni mkate mzuri. Ya nne mtoto akaifunga mwenyewe kwenye karatasi ya foili. "Ya mama."

Baada ya hapo

Angependa kusema kwamba wiki ile ile alipata kazi. Hakupata. Alimrudisha mtoto Temeke kwa daladala, akaondoka kabla ya maneno kuanza, na saa tatu usiku simu ikaita.

"Mtoto kaniambia," sauti ikasema.

"Najua."

"Miezi mitatu?"

"Mitatu."

Kimya. Halafu mama wa mtoto akaongea, na hakuongea kwa upole. Alisema kukosa kazi sio dhambi, hata yeye amewahi kukosa. Kilichomchosha ni kila mwezi kupewa hadithi, kupanga ada kwa hela ambayo haiji, na kuonekana yeye ndo mdai asiye na huruma. Kama angeambiwa mwezi wa kwanza, wangepanga. Jamaa hakujitetea, maana hakukuwa na cha kutetea. Akasema samahani. Akataja kiasi anachoweza kwa uhakika kila wiki, kidogo mno mpaka akaona aibu kukitamka. Upande wa pili kalamu ikasikika ikiandika.

"Hiyo naweza kuipangia," akasema. "Ila iwe hiyo kweli."

"Itakuwa."

"Na shuleni Jumatatu ntaenda kuulizia hiyo habari ya kalamu. Hakuwahi kuniambia na mimi."

Akadhani simu inakatwa. Haikukatwa.

"We, huu unga mlitia maziwa?"

"Maji tu."

"Mbona laini hivi? Wangu wa maandazi haufiki hapa. Maji kiasi gani?"

"Kikombe na robo," jamaa akajibu. "Lakini joto lake muulize mwanao. Yeye ndo alipima."